Filta ya mchanga, ya katriji au ya unga: chagua kwa kumfikiria atakayeifungua

Chukua kifuniko cha filta ya bwawa la kuogelea chenye kipenyo cha sentimita 40, karibu sawa na sinia la pilau. Geji ikisoma bar 1, presha ya kawaida kabisa kwa bwawa la nyumbani, kifuniko hicho kinasukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa magunia 12 ya mahindi ya kilo mia mia, na ushee. Kwenye filta nyingi, kinachokizuia kisiruke ni mkanda mmoja wa chuma uliokazwa kwa nati moja.

Nahudumia mabwawa ya nyumbani Kampala na Entebbe. Wenye nyumba wa Muyenga, Munyonyo na Lubowa wakiniita kabla ya kununua filta, huniuliza ipi husafisha zaidi na ipi ni nafuu. Ipi ni salama kufungua, ni nadra sana mtu kuuliza. Sababu naielewa: anayelipa siye anayefungua. Anayefungua ni kijana wa shamba au askari wa zamu ya mchana, aliyeonyeshwa siku moja na fundi mwenye haraka zake, kisha akaachiwa spana. Nauandika ulinganisho huu kwa ajili yake, ingawa najua atakayeusoma ni mwenye nyumba.

Hewa ndiyo inayoua

Maji hayakubali kubanwa. Tangi lililojaa maji matupu likiachia, maji hutoka kwa kishindo na presha huanguka papo hapo. Hewa hujibana kama springi na kuhifadhi nguvu yote uliyoitia. Tangi lenye hewa iliyobanwa chini ya kifuniko likiachia, hewa hiyo hutanuka ghafla na kukirusha kifuniko kama risasi. Watu wamevunjika taya, wamepoteza macho, na wengine wamekufa kwa namna hii katika nchi zenye mabwawa mengi kuliko sisi, ndiyo maana karibu kila filta huja na karatasi ya onyo iliyobandikwa kwenye tangi. Bahati mbaya karatasi hiyo huwa kwa Kiingereza, herufi ndogo, na baada ya mwaka mmoja juani haisomeki.

Hewa huingia wapi? Kubwa zaidi ni pale tangi linapofunguliwa. Ukishalimwaga maji ili kusafisha, umelijaza hewa. Ukifunga na kuwasha pampu, maji yanapanda kutoka chini na kuisukuma hewa hiyo juu, chini ya kifuniko hasa, mahali ambapo uso wako umeinamia ili kutazama kama panavuja. Kwa hiyo dakika mbovu kuliko zote ni ile ya kuwasha pampu baada ya usafi, wakati kila mtu anadhani kazi imekwisha. Hewa huingia pia kidogo kidogo kupitia kifuniko cha kikapu cha pampu kisichoziba vizuri, au maji ya bwawa yanaposhuka chini ya mdomo wa kunyonyea. Ukiona mapovu yakitoka kwenye matundu ya kurudishia maji bwawani, basi filta yako ina hewa ndani.

Sasa, kila aina ya filta hukulazimisha kufungua tangi mara ngapi? Hapo ndipo zinapotofautiana hasa.

Mara 1, mara 10, mara 60

Filta ya mchanga husafishwa bila kufunguliwa. Unazima pampu, unageuza mkono wa vali, unawasha, na maji yanapita kinyumenyume na kuutoa uchafu nje kwa dakika mbili tatu. Mafundi huita kubakiwoshi. Tangi lenyewe hufunguliwa wakati wa kubadilisha mchanga, yaani kila miaka 5 hadi 7 hivi.

Filta ya katriji haina bakiwoshi. Katriji ni silinda ya kitambaa kilichokunjwakunjwa, na ili kuiosha lazima kifuniko kitoke. Hapa kwetu, kwa bwawa linalotumika, hiyo ni kila wiki 4 hadi 6. Vumbi jekundu la barabara za murram likianza kupeperuka Januari na Februari, au wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi upande wa Entebbe wakianguka majini, hata wiki 2 hazifiki.

Filta ya unga wa diatomi, yaani unga laini wa mabaki ya mwani mdogo sana wa majini, iko katikati: hubakiwoshiwa, kisha huongezewa unga mpya kupitia mdomo wa kunyonyea, lakini mara moja au mbili kwa mwaka hubomolewa yote ili kuosha fremu za ndani.

Weka hesabu ya miaka 6. Mchanga: mara 1. Unga: mara 6 hadi 12. Katriji: mara 60 hivi, na kila mara hufuatiwa na ile dakika ya kuwasha tangi lililojaa hewa. Ukiniambia katriji huchuja vizuri kuliko mchanga, ni kweli. Mchanga hushika vijichembe vya mikroni 20 hadi 40 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), katriji 10 hadi 20, na unga hufika mikroni 3 hadi 5, maji yakawa kama kioo. Lakini tofauti hiyo ya macho tu sioni kama inalipia mara 60 za kumweka kijana juu ya kifuniko, isipokuwa kuna sababu nyingine nzito.

Na sababu nzito ipo: maji. Pampu ya nyumbani ya kawaida ikisukuma lita 250 kwa dakika, bakiwoshi ya dakika 3 inamwaga lita 750. Hayo ni zaidi ya madumu 37 ya lita 20, maji uliyoyalipia bili, na lazima yapate pa kwenda yasimfikie jirani wa chini wala kuingia kinamasini na klorini yake. Mwenye bwawa dogo, asiye na mahali pa kumwaga, au anayekaa mtaa ambao bomba hukauka siku tatu, ana haki ya kuitaka katriji. Ila achague kifuniko chake kwa makini, jambo ambalo naona ni zito kuliko hata aina ya filta.

Kifuniko kimeshikwa na nini?

Duka la vifaa litakuuzia filta kwa jina na ukubwa. Wewe omba kuona kinachoshika kifuniko.

Aina ya kwanza ni tangi lililogawanywa kiunoni, nusu ya juu na nusu ya chini zikikutana katikati na kufungwa kwa mkanda mmoja kuzunguka. Filta nyingi za unga na katriji kubwa ziko hivi. Tangi la kipenyo cha sentimita 55, kwa bar 1, linataka kujitenganisha kwa nguvu ya zaidi ya tani 2. Mkanda ukikaa vizuri unaimudu kazi hiyo kwa miaka. Mkanda ukikaa upande, ukiwa juu ya mchanga mdogo uliobaki kwenye ukingo, au nati ikiachwa nusu, haushiki, na kwa macho huwezi kujua. Maelekezo ya aina hii husema uukaze huku ukiugongagonga pande zote kwa nyundo ya mpira ili ujilaze sawasawa, mpaka nati ifike pale mtengenezaji alipotaka. Hayo yote hufanywa pampu ikiwa imezimwa. Kuugonga au kuukaza mkanda wakati kuna presha ndani, kwa sababu umeona panavuja, ni kujitafutia kifo.

Aina ya pili ni vali iliyosimama kichwani mwa tangi la mchanga, imeshikwa kwa mkanda mdogo. Tundu lake lina sentimita 15 hivi. Kwa bar 1 hiyo ni kilo 180, wala si tani 2. Bado inaweza kukuvunja kichwa, lakini ni nguvu nyingine kabisa, na hufunguliwa mara moja katika miaka mingi.

Ya tatu ni tangi la mchanga lenye vali ubavuni na kifuniko kidogo juu kilichofungwa kwa bolti. Kifuniko cha sentimita 20 chenye bolti 6 kinasukumwa kwa kilo 320 hivi kwa bar 1, na kila bolti inabeba kilo 53. Bolti moja ikilegea, nyingine tano zipo, na maji yataanza kuchuruzika kukuonya. Nikiulizwa, hii ndiyo ninayoipenda kwa nyumba ambayo mhudumu hubadilika kila mwaka. Bolti zikazwe kwa kuvukana, moja hapa na ya mkabala wake kule, si kwa kuzunguka.

Ya nne ni pete ya kusokota, kama mfuniko wa chupa kubwa, ambayo hupatikana kwenye katriji ndogo. Ikiwa ina kizuizi kinacholia pete ikifika mwisho na haifunguki mpaka ukibonyeze, ni nzuri, kwa sababu mtu haachwi akikisia. Kwa anayelazimika kununua katriji, hii naiweka mbele ya mkanda bila kusita.

Zote nne zina mpira wa kuzibia, na mpira huo hupakwa grisi ya silikoni. Majumbani watu hushika mafuta ya kujipaka ya petroli kwa kuwa yapo karibu. Mipira mingi ya filta haiyavumilii: huvimba, hukaa vibaya kwenye mfereji wake, na kifuniko hakilali sawa tena.

Umeme unaokatika

Hatari hii vitabu vya maelekezo huigusa kwa mstari mmoja tu, na kwetu Uganda inastahili ukurasa mzima.

Siku moja nilikuwa kwenye nyumba ya mlimani, umeme haupo tangu alfajiri. Nilifungua filta ya katriji bila kuzima swichi ya pampu kwenye boksi la umeme, kwa kuwa niliona umeme haupo. Nilikuwa nimerudisha kifuniko, mkanda nimeuvisha, nati sijaikaza, umeme ukarudi. Pampu ikavuta. Nilisikia hewa ikifoka, nikaruka nyuma, na kifuniko kikapiga dari ya kibanda. Kilipopita ndipo uso wangu ulipokuwa. Tangu siku hiyo sifungui tangi lolote kabla sijazima swichi kwenye boksi, nikaifunga kwa kufuli au nikaibandika utepe, na kumwambia kila aliye nyumbani asiiguse.

Kuna lingine ambalo halionekani. Taima nyingi za pampu ni zile za kuzungusha, zinazotembea kwa umeme. Umeme ukikatika zinasimama, ukirudi zinaendelea zilipoishia. Ukikosekana kwa muda wa saa tano, ratiba yote imesogea saa tano: pampu iliyopangwa kuwaka saa 2 asubuhi itawaka saa 7 mchana, kijana akiwa amezamisha mikono kwenye filta huku akiamini ratiba aliyoambiwa. Nyumba yenye jenereta inayojiwasha yenyewe ina hatari hiyo hiyo maradufu.

Hapa tena mchanga unaachana na katriji. Anayebakiwoshi ana kosa moja la kuogopa: kuugeuza mkono wa vali pampu ikiwaka, au ikawaka ghafla mkono ukiwa katikati au kwenye alama ya kufunga kabisa. Hilo hupasua mpira wa ndani, na huweza kupasua vali au bomba. Ni kosa baya. Lakini mara nyingi hulipasua plastiki. Kosa kama hilohilo kwenye katriji yenye mkanda humkuta mtu ameinama juu ya kifuniko kisichokazwa.

Kuhusu kibanda: swichi ya kuwashia pampu iwe nje ya mlango, au angalau hatua kadhaa kutoka kwa filta. Nimeona vibanda vya matofali vyenye upana wa mita moja na nusu ambamo huwezi kubonyeza swichi bila kiuno chako kugusa tangi. Kuihamisha ni kazi ya fundi umeme ya siku moja, na ndiyo fedha bora utakayotumia, filta iwe ya aina yoyote. Fundi huyo huyo aweke pia kinga ya miliamp 30 inayokata umeme ukivuja, maana sakafu ya kibanda ni mbichi, umeme wetu ni volti 240, na vijana wengi huingia pekupeku.

Bwawa likiwa juu, kibanda kikiwa chini

Nyumba za vilimani zina jambo lake. Bwawa limejengwa juu, kibanda kimechimbwa chini mita 2. Hata pampu ikizimwa, maji ya bwawa yanaendelea kulisukuma tangi kwa bar 0.2. Sindano ya geji haisogei kiasi cha kuonekana, mtu anadhani presha imekwisha. Kwenye lile tangi la sentimita 55 hiyo bado ni karibu kilo 480.

Kwa nyumba kama hiyo, katriji au unga bila vali za kufungia maji pande zote mbili, ya kutoka bwawani na ya kurudi, sizikubali kabisa. Ukizima pampu funga zote mbili, fungua kiskrubu cha kutolea hewa juu ya tangi, sikiliza mpaka kinyamaze, ndipo uguse nati. Na vali hizo zifunguliwe tena zote mbili kabla ya kuwasha, kwa sababu pampu inayosukuma kwenye bomba lililofungwa huipandisha presha hadi mwisho wa uwezo wake. Matangi mengi ya nyumbani yameandikwa kikomo cha bar 2.5 au 3.5. Tafuta namba hiyo kwenye kibandiko, ilinganishe na presha ya juu ya pampu kabla ya kununua. Kamwe usiunganishe kompresa ya hewa kwenye mfumo huu ili kutafuta panapovuja au kuzibua bomba. Mafundi magari wenye nia njema wamewahi kuniletea ushauri huo, na nimewakatalia.

Kuwasha kwenyewe ni hivi kwa aina zote: vali wazi, kiskrubu cha hewa wazi, watu mbali, washa ukiwa mbali. Hewa itafoka, kisha maji yatatoka mfululizo bila kukohoa. Hapo tu ndipo unasogea kukifunga. Panapovuja kwenye kifuniko, zima na uanze upya, usikaze.

Mchanga nao una yake

Nisije nikaonekana namuuzia mtu mchanga. Tangi la sentimita 60 hubeba kilo 140 hivi za mchanga, na vidole vya plastiki vilivyo chini yake huvunjika ukiumwaga kwa kishindo. Lijaze maji nusu kwanza. Mchanga wenyewe ni wa silika, chembe zinazokaribia milimita 0.5 zote. Ule wa kujengea unaochimbwa Lwera kando ya barabara ya Masaka una chembe za kila saizi na vumbi, huziba mapema, na filta iliyoziba ndiyo inayopandisha presha. Bei yake inavutia, najua.

Kisha kuna usahaulifu. Mkanda uliokaa miaka 6 bila kuguswa unaweza kuwa umeliwa kimyakimya, hasa klorini inapowekwa kibandani. Mvuke wake hula chuma, hata kile kinachoitwa kisichoshika kutu. Ndoo za klorini zikae kwingine, pakavu, na aina zake zisichanganywe hata kwa kijiko kimoja: ile ya chembechembe ya kalsiamu ikikutana na vidonge vya trikloro huwaka moto na huweza kulipuka.

Kwa katriji, kitu kama hicho kipo kwenye ndoo ya kuoshea. Asidi ikikutana na klorini iliyobaki kwenye kitambaa hutoa gesi inayochoma mapafu. Isuuzwe kabisa kwanza, na kazi ifanyike uwanjani penye upepo. Unga wa diatomi wenyewe hudhuru mapafu ukivutwa mkavu. Barakoa ya kitambaa haitoshi, inatakiwa ile nzito ya vumbi la mafundi.

Ningechagua ipi?

Nyumba yenye kijana wa shamba anayebadilika na mahali pa kumwaga maji: mchanga, vali ubavuni, kifuniko cha bolti. Nyumba ya mwenyewe anayehudumia bwawa lake kwa mikono yake, maji ni shida, bwawa ni dogo: katriji ya pete ya kusokota yenye kizuizi, kubwa kuliko unavyohitaji, maana katriji kubwa huchelewa kuziba na hivyo hufunguliwa mara chache. Unga wa diatomi sijaona nyumba ya hapa iliyouhitaji kwa kweli. Aliyeshaununua amwite fundi mzoefu wa kuubomoa hizo mara mbili kwa mwaka, na yeye aishie kwenye bakiwoshi.

Tangi la zamani lenye ufa au lililoota mabaka meupe ya jua lisizibwe kwa gundi, hata fundi akikuapia.

Siku ya kwanza filta ikiwa safi, andika namba ya geji kwa kalamu isiyofutika juu ya tangi. Ikipanda kwa bar 0.5 hadi 0.7, ni siku ya kusafisha. Pampu ikizimwa na vali kufungwa, hewa ikishatolewa, geji irudi sifuri. Isiporudi, imekufa, na geji mpya ni rahisi kuliko vyote kwenye kibanda hicho. Pembeni ya mlango bandika hatua za kuzima, kutoa hewa, kufungua na kuwasha, kwa lugha anayoisoma mhudumu wako. Wengi ninaowakuta wametoka Arua au Mbale, Kiswahili wanakielewa vizuri kuliko Kiingereza cha kitabu. Na dukani, kabla ya kutoa hela, muulize muuzaji kama ana mkanda na mpira wa akiba wa filta hiyo hiyo, avilete mezani uvione. Akikuambia utatafutiwa, tazama filta nyingine.